Kibao cha Shaba

Mimi hupata habari za serikali kabla ya gazeti.
Si kwa ujanja. Mtu hajakalia kiti bado,
jina lake limeshaletwa kwangu Ruwi, nyuma ya duka la matairi,
kwenye karatasi ya muhuri: jina, cheo,
urefu wa herufi kwa milimita.

Hivyo lile juma la Julai, kiyoyozi kikidondoka ndooni,
nilijua Humud bin Thani ndiye mkubwa mpya wa Mifereji
kabla mkewe hajajua ashone nini.
Nikachonga *Mheshimiwa* kwanza. Hilo silifikirii,
mkono unalijua kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani.
Jina ndilo lililonila siku nzima.
Ile dali ya mwisho ilikataa kukaa,
nikaisugua, nikairudia,
mpaka ikajikunja kama paka.

Jumanne, simu: Fundi, ngoja.
Jumatano: Ngoja kwanza.
Alhamisi hakupiga mtu.
Pilau limeiva, bwana harusi hajulikani alipo.

Maneno yakatembea, Matrah mpaka Al Khudh,
kwa Kiarabu mchana, kwa Kiswahili usiku:
ana sukari, ana deni, ana mke Dubai.
Bi Zuwena wa ghorofani, mzaliwa wa Wete,
aliweka kikapu chini ili aseme vizuri:
"Kajiondoa? Mtu hujiondoa motoni.
Kwenye kiti huondolewa."

Jumamosi akaja mwenyewe, bila dereva,
kanzu imemganda mgongoni.
"Nadaiwa ngapi?"
Nikamwambia idara ndiyo inayolipa.
"Idara hainijui," akasema,
akahesabu riali thelathini na tano
juu ya vumbi la shaba.

Sikumuuliza kitu. Nilimmiminia kahawa.
Cha tatu akakitikisa kikombe, yaani basi,
lakini hakuondoka.

"Fomu ilikuwa kurasa kumi na moja.
Ya nane inataka ndugu wa tumbo moja.
Niliandika wanne. Kijana wa kamati, mpole sana,
akaweka kalamu juu ya wa nne:
*Huyu, ustadhi, tungemwacha. Karatasi itakuwa nyepesi.*"

Wa nne ni Makame.
Baba yake alipasua mawe Makunduchi;
mama alimzaa kabla hajaolewa na Thani.
Mwaka ule wa kukimbia ndiye aliyembeba Humud mgongoni
hadi gatini, akamkabidhi, akabaki.
Hakuwa na jina la kupandia meli.

Nilidhani atasema alipiga meza.
"Wapi! Niliomba nifikiri mpaka kesho.
Usiku kucha nilikuwa tayari kumfuta.
Nilikitaka kile kiti, fundi, nisikudanganye.
Asubuhi nikashika kalamu, mkono haukushuka.
Ushujaa wenyewe ndio huo, mkono uliogoma.
Nikaandika mstari mmoja: *sababu za kifamilia*.
Wote wanasema hivyo. Mimi nadhani ni wa kwanza
kusema kweli."

Nikaanza kumfungia kibao kwa gazeti la jana,
lenye picha ya mwingine, ameshaapa, anatabasamu.
Jina lake fupi, lilinichukua nusu saa.

Humud akanishika kiganja.
"Huku nyuma kuna nafasi?"
Nikakigeuza. Shaba tupu, nyuso zetu mbili ndani yake, zimepinda.
"Andika Makame."
"Kwa herufi zipi?"
"Hizohizo za mbele. Atazisoma.
Chuoni yeye ndiye aliyenifundisha kushika kalamu."

Nilimwambia arudi Jumatatu.
Sasa ni Jumatatu ya ngapi, sijui;
labda alisafiri, labda riali za nauli zilimshinda,
labda nauli ilipatikana na uso haukupatikana.
Kibao nimekitundika, *Mheshimiwa* ametazama ukuta.
Wateja wakisubiri zamu yao husoma jina la Makame,
huniuliza ni wa wizara gani huyu.
Nawaambia wanywe kahawa.